Wale wa Dirishani Wafunge

Tegu ni mdoezi. Hana mdomo, hana tumbo, hana macho. Amejishikiza kwa kichwa kidogo kwenye utumbo wa mwenyeji wake, na mwili uliobaki ni utepe mweupe unaofyonza chakula alichotafuta mwingine. Watu wakisikia nimeupoteza ujana wangu kwa mnyama kama huyo hunionea huruma, na wengine huacha kula nikikaa nao mezani. Shauri yao. Huyo mdoezi ana jambo lake moja ambalo sijachoka kulitazama: hakai mahali pamoja. Panya hula usiku, na ukimpasua asubuhi utamkuta tegu amepanda juu, karibu na tumbo. Ukimpasua mwenzake jioni, utamkuta tegu ameshateremka, amejikunja huko nyuma. Kila siku hupanda na kushuka hivyo hivyo, na panya mwenyewe hana habari.

Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya nani anayemwamsha. Mimi niliandika tasnifu nzima kusema ni chakula. Mwenyeji akila, mdoezi hupanda kukipokea. Mwenyeji asipokula, mdoezi hana haja ya kujisumbua. Profesa, mkuu wa idara yetu, alikuwa na lake. Alisema tegu ana saa yake ndani ya mwili, na ikifika atapanda, chakula kiwepo kisiwepo. Amelisema hilo kwa miaka mingi na kwa sauti ya juu, hata wanafunzi wakambandika jina la Saa ya Ukutani, na nadhani analijua.

Tasnifu yangu alishairudisha mara moja. Mara ya pili hakusema ni mbaya. Alisema tu kikaoni kwamba majaribio yangu yote niliyafanya peke yangu, na mtu akipiga ngoma mwenyewe na kuicheza mwenyewe, nani atajua kama alikosea? Basi nilirudie jaribio mbele ya jopo, siku moja, na mtahini wa kutoka chuo kingine awepo. Likitoka nilivyoandika, ninapata shahada yangu. Lisipotoka, nafasi yangu anapewa mwingine, na mimi nikatafute kazi nyingine mjini. Na usiku wa kuamkia siku hiyo nisikanyage chumba cha panya. Funguo zikae kwa mtunza panya peke yake.

Mtunza panya alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuwa kwenye kazi hiyo kabla sijamjua mwanawe. Kwa kweli mume wangu nilimpata mlangoni pale, alipomletea mama yake mwavuli. Katibu wa idara aliuliza kama hilo haliharibu ushahidi, na Profesa akajibu kwamba mama mkwe ndiye mtu pekee duniani ambaye hawezi kunipendelea. Watu wakacheka sana. Mama alikuwa amesimama na sinia lake, hakucheka, na mimi sikucheka.

Tusielewane vibaya, hatukuwa tumegombana. Ingekuwa afadhali, maana waliogombana hupatana. Sisi tuliheshimiana. Heshima yetu ilikuwa kama kochi la sebuleni lililoachwa na nailoni yake ya dukani: safi, na hakuna anayelikalia kwa raha. Sikuwahi kumwomba kitu moja kwa moja. Tukila pamoja na chumvi ikawa upande wake, ningesema chumvi leo imekwenda mbali, halafu ningengoja. Kumwambia fanya hili, au usifanye lile, ulimi wangu ulikuwa haujui njia ya kupita.

Wiki ile ilikuwa mbaya kwake. Komeo la kizimba kimoja lililegea, panya akatoka, akaenda kukutwa nyuma ya kabati ofisini kwa Profesa. Profesa akamgombeza ukumbini, wanafunzi wakipita, kwamba mtu asiyeweza kufunga mlango mdogo kama kiganja akafagie uwanja, na likitokea tena ndivyo itakavyokuwa. Mama alisikiliza hadi mwisho akasema, "Nimesikia." Mimi nilikuwa mlango wa tatu kutoka pale. Nilijifanya nasoma.

Mchana, siku moja kabla ya mtihani, nilimpitia kumpa maelekezo. Chumba kilikuwa na rafu mbili za vizimba. Panya wote walikuwa wametiwa tegu. Wale wa rafu ya mlangoni wale kama kawaida. Wale wa rafu ya dirishani wapate maji tu, wakae na njaa usiku kucha. Asubuhi, kama Profesa ni mkweli, mategu wa rafu zote mbili wangekuwa juu. Kama mimi ni mkweli, wa dirishani wangekuwa wamebaki nyuma.

Neno lililotakiwa lilikuwa jepesi: usiwape chakula. Lakini hilo ni katazo, na mimi mama mkwe simkatazi. Nikalizunguka.

"Mama, wale wa mlangoni kama kila siku. Wale wa dirishani wafunge, mpaka kesho asubuhi."

Akaniangalia kidogo. "Wafunge?"

"Wafunge, Mama."

"Haya," akasema, akageuka kukunja magunia.

Asubuhi nilifika mapema, nikakuta mwenzangu wa maabara ameshawalaza panya kwa dawa, wasiamke tena, na ameiweka mizoga yao kwenye barafu ili mategu wasisogee walipo. Jopo likaingia. Profesa alivaa tai. Mtahini alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkoba wake wa safari uko mlangoni maana alikuwa anaondoka siku hiyohiyo. Alinisalimu vizuri, akaomba kiti kiletwe karibu na meza, akasema yeye hupenda kuona, hapendi kusimuliwa. Mama mkwe alikuwa akileta sinia moja baada ya jingine, koti lake la kazi limepigwa pasi.

Kazi yenyewe si ya kupendeza lakini ni rahisi kuifuata. Unautoa utumbo, unaunyoosha mezani, upande wa tumbo kushoto, mwisho wake kulia. Unaupasua polepole kwa mkasi kuanzia kushoto hadi umwone tegu. Nilianza na wale wa mlangoni, waliokula. Tegu juu. Wa pili, juu. Hao hawakuwa na neno, wote tulijua. Mtahini akaitikia kwa kichwa, nikaomba waletwe wa dirishani.

Nikaingiza mkasi. Sikuwa nimefika mbali nilipoona weupe.

Nilidhani nimechanganya sinia. Nikaangalia alama ya sikioni. Ni wa dirishani. Tegu alikuwa juu, amejaa tele, amekaa mahali ambapo mimi nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kusema hatakuwepo. Nikasema kwa sauti alipo, kwa sababu sheria ya jaribio ni kusema. Wa pili wa dirishani: juu. Wa tatu nilimpasua polepole sana, kana kwamba nikienda taratibu nitampa nafasi ya kurudi nyuma. Juu.

Profesa hakufurahi waziwazi, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kwa upole kwamba hawakula na bado wamepanda, kwa hiyo anadhani tumeona. Mtahini akavaa miwani yake, akamgeukia mtunza panya. Akamwuliza hawa wa dirishani aliwafanyaje jana.

"Nilifanya nilivyoambiwa na mke wa mwanangu," Mama akasema.

"Hukupunguza kitu?"

"Sikupunguza wala sikuongeza."

Nilitazama chini nisimwone mtu usoni. Chini kulikuwa na yule panya wa tatu, utumbo umeshatolewa, tumbo bado limo mwilini kwa sababu jaribio halikulihitaji. Na tumbo lile lilikuwa limetuna. Nikaligusa kwa kidole. Lilikuwa gumu, kama mfuko uliojazwa unga ukafungwa mdomo.

Panya aliyelala njaa hana tumbo kama lile. Mtu alikuwa amewapa chakula, na mwenye funguo alikuwa mmoja, na mwenye funguo amesema mbele ya jopo kwamba alifanya kama alivyoambiwa. Nikilipasua tumbo lile, nimepona. Nikilipasua tumbo lile, nimemwita mama wa mume wangu mwongo mbele ya watu, naye atafukuzwa hapo hapo, na jioni nitaingia nyumbani mwangu na kusema nini? Niseme samahani nimekufukuzishia mama kazi, chai iko wapi?

Profesa alikuwa ameshaifunika kalamu yake. Katibu alikuwa anakusanya karatasi. Nilimtazama Mama. Alinitazama naye, wima, bila hata chembe ya aibu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikasema moyoni, huyu mama amengoja miaka yote hii, leo amenipata. Hasira yangu huwa haina adabu. Nilichukua mkasi nikalipasua.

Chakula kikamwagika juu ya sinia, kahawia, kimelowa, kinanuka shayiri. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Profesa alimgeukia Mama taratibu. "Umesema uongo mbele ya jopo."

"Mimi sijasema uongo," Mama akajibu. Sauti yake haikupanda. "Niliambiwa wale wa dirishani wafunge. Niliuliza mara ya pili nikaambiwa wafunge. Nikawafunga. Kila komeo nimelipiga na kulijaribu kwa mkono wangu, na hakuna panya aliyetoka. Kawaulizeni walinzi."

Nililisikia neno langu likitoka kinywani mwake, neno lilelile, halina herufi iliyopungua, na kumbe halikuwa langu. Mimi nilisema wafunge, wakae na njaa. Yeye alisikia wafunge, watie komeo. Na mtu aliyegombezwa ukumbini kwa ajili ya komeo angesikia nini kingine? Angefikiri nimekuja na mimi kumkumbusha.

Mtahini aliweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika. Akauliza, "Na chakula, mama?"

"Chakula niliwapa kama siku zote. Hakuna aliyenikataza." Akanitazama alipolisema hilo, na nilitamani sakafu inimeze.

Profesa alisema hakuna cha kucheka. Jaribio limebatilika, na sababu yake ni wanawake wawili wa familia moja kutosikilizana. Hiyo si sayansi. Panya wa dirishani wamekula, wa mlangoni wamekula, hakuna kilicholinganishwa na kitu. Jopo haliwezi kuitwa tena, mtahini anaondoka, na nafasi ina wa kuipokea. Nilijua kwamba katika hayo yote hakuna alipokosea. Nilivua glavu moja. Nilijikuta nafikiria mambo ya kipuuzi, kama nani atarithi kabati langu na kama nitaweza kuondoka bila kupita ofisini.

"Kama kuna kosa langu, ni moja," Mama akasema, "na afadhali nilitaje mwenyewe."

Akasogea mbele hadi mezani. Akaeleza kwamba kile kizimba cha mwisho cha dirishani ndicho chenye komeo bovu, na kwa kuwa aliambiwa afunge, alichukua koleo la fundi mchana ule akakifunga kwa waya, akaukaza kwa nguvu zake zote. Jioni alipokuja na chakula, waya ukamshinda. Fundi alikuwa ameondoka na koleo lake, akarudi nalo asubuhi kuukata. Akatuonyesha vidole, vimevimba kwenye vifundo, kimoja kimechunika.

"Yule mmoja alilala njaa," akasema. "Nilimsikia anakwaruza nikaondoka. Mnyama hana wa kumsemea. Kwa hilo naomba radhi."

Hapo sauti yake ikatetereka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Machozi yalimlengalenga kwa ajili ya panya ambaye hata hivyo angekufa asubuhi.

Mtahini alikuwa ameacha kucheka. "Yuko wapi?"

Alikuwa chini kabisa ya barafu, hajaguswa. Profesa akasema panya mmoja si ushahidi. Mtahini akakubali kwamba si ushahidi, akasema lakini majaribio yaliyomo ndani ya tasnifu yapo mengi, kinachokosekana ni kuaminika, na hapa ndipo pa kuaminika. Mwanafunzi hakujua kama huyu hakula. Profesa hakujua. Aliyejua alidhani ni dhambi. Kisha akamsukumia Profesa mkasi juu ya meza.

"Mpasue wewe. Lakini kwanza useme. Saa yako inasema tegu yuko wapi?"

"Juu," Profesa akasema.

"Na wewe?"

"Nyuma." Sauti yangu niliisikia ikitoka mbali.

Akavaa glavu. Ni mtu mwenye mikono mizuri, hilo sitamnyima, hakati ovyo. Alianzia kushoto. Sehemu ya kwanza, pale walipokuwa wenzake wote, hapakuwa na kitu isipokuwa ute wa manjano. Akasonga. Hakuna. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Ikanijia kwamba labda panya huyu hakuwa na tegu kabisa, hutokea, mmoja katika wengi, na basi sitakuwa nimeshinda wala kushindwa, nitakuwa tu nimekwisha. Akafika katikati. Hakuna. Alisimama, akarudi mwanzo na kuufungua utumbo vizuri kwa ncha za mkasi, kana kwamba alikuwa amemruka, na mtahini hakumharakisha. Akasonga tena. Alipita nusu. Alipita zaidi ya nusu. Mtu fulani nyuma yangu alikohoa, na nilitaka kumpiga.

Kisha mkasi ukasimama. Huko nyuma, karibu na mwisho, alikuwepo, amejikunja fundo, mweupe, amelala zake. Hakukuwa na aliyemwamsha.

Profesa alilipasua na tumbo mwenyewe, bila kuambiwa. Lilikuwa tupu, ila nywele mbili tatu alizojilamba panya kwa njaa. Akasema angependa kukisoma tena kile kifungu changu cha nne, kisha akaenda kunawa, akanawa kama daktari wa upasuaji, hadi kwenye viwiko. Mtahini aliniambia nimuingize panya huyo katika tasnifu, na nieleze bila kuficha jinsi alivyolala njaa, na pamoja na nyongeza hiyo yeye amepitisha. Profesa alirudi na mikono inadondoka maji, akatia sahihi chini ya sahihi ya mtahini. Juu ya kufagia uwanja hakusema neno, na mtahini alipomwuliza kama mtunza panya anabaki, akajibu kwamba anabaki, kwani nani amesema anaondoka?

Watu wakanipa mkono, wakatoka. Nilipaswa kurukaruka. Nilibaki kuosha masinia na mama mkwe wangu, bega kwa bega kwenye sinki.

"Ulipolipasua lile tumbo," akasema, "ulikuwa umeshaniita mwongo."

Nilikuwa na majibu tayari. Kwamba nilitaka tu kuhakikisha, kwamba sayansi ndivyo ilivyo. "Ndiyo, Mama," nikasema.

Akasuuza sinia, akaliegemeza ukutani. Akaniambia kwamba na yeye hakuwa amelala vizuri. Nilipomwambia wafunge, hakusikia heshima yoyote. Alisikia amri kavu, tena ya mkwe, tena juu ya komeo. Alikwenda na neno hilo nyumbani, akasema leo huyu ameniona mtumishi wake. Nikamweleza kwamba nilisema vile kwa sababu niliogopa kumkataza. Akanigeukia na povu hadi kwenye mikono.

"Kunikataza nini? Chakula cha panya?"

"Chochote, Mama."

"Wanangu wote wamenikataza mambo," akasema. "Huyo mumeo alinikataza kumtafutia mchumba, akanifungia na mlango. Wewe tu ndiye hujawahi. Nikajua mimi kwako ni mgeni."

Nililia hapo, juu ya sinki, kwa sauti, shahada na kila kitu. Hakunibembeleza, si mtu wa hivyo. Alifuta mikono yake kwenye koti, akalifunga lile sanduku la barafu lenye mizoga ya panya, zito, la kushushwa ngazi hadi kwenye tanuri la kuichomea, akaingiza vile vidole vyake vilivyovimba chini ya vipini na kuinama.

"Usibebe," nikasema.

Akasimama pale alipoinama. "Umesemaje?"

"Usibebe, Mama. Liache."

Kisha akaliachia sanduku, akavuta kiti cha mtahini, akaketi.

"Haya," akasema. "Libebe wewe, na uangalie ngazi ya pili, inateleza."